Hitilafu Iliyokatiwa Utepe

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila silitaji. Sheria yetu inamtaka kila anayelitaja asimame wima, avue kofia na atabasamu mpaka mwangwi utakapokwisha, na mimi siku hizi magoti yangu ni mabovu. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" nikiwa nimekaa zangu, na atakayejiona kama anaijua, shauri yake.

Naitwa Hemedi. Nilikuwa mkaguzi katika Mamlaka ya Kuthibitisha Zana. Msidhani ni majembe na nyundo. Ni zile zana ambazo waandishi wa programu za kompyuta wanazitumia kazini: mahali pa kuandikia, chombo cha kuunganishia, na hasa kikaguzi, yaani programu inayosoma programu nyingine na kuonyesha penye hitilafu. Serikali yetu haikuwa na habari na vitu hivi mpaka mwaka ule mfumo wa salamu za kuzaliwa ulipomwongezea Rais miaka kumi mbele ya mabalozi. Ikagundulika kwamba kikaguzi kilichopaswa kuiona hitilafu hiyo hakikuwahi kukaguliwa na mtu yeyote. Rais akauliza, "Na anayekikagua kikaguzi ni nani?" Kwa kuwa swali la Rais haliachwi likaning'inia, ikaundwa Mamlaka.

Mamlaka ilijengewa ghorofa, ikapewa magari, ikatungiwa na wimbo wake. Wizara ya Misitu nayo haikutaka kupitwa, ikatupandia mikaratusi mpaka mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na tangu hapo ukitaka kuingia unapita kiubavu.

Uthibitishaji wenyewe ulikuwa hivi. Zana inaletwa juu ya zulia jekundu, ndani ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza. Ngoma inapigwa. Risala inasomwa. Mgeni rasmi anauliza, "Inafanya kazi?" Sote tunaitikia, "Inafanyaaa!" Anatoa cheti, tunakula pilau, tunarudi makwetu. Kompyuta ilikuwa haiwashwi, kwa sababu soketi ya ukumbini ni moja na ilikuwa ya vipaza sauti. Na mimi, jamani, mjinga wa watu, nikaona hapo pana tatizo.

*

Mkurugenzi Mkuu wetu alikuwa Dokta Mbelwa. Huyu nataka mumjue vizuri, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Mbelwa alikulia Zongwe, mtaa wetu, kule chini mwisho kabisa wa mji. Shangazi yangu Siwema, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu, ni dobi. Mbelwa alipokuwa mwanafunzi hana mbele wala nyuma alilala sebuleni kwetu. Alikula sahani moja na mimi. Shati lake la shule lilikuwa moja tu, na Shangazi alilifua kila jioni akalikausha kwa pasi ya mkaa ili asubuhi alivae kama watoto wa watu. Mbelwa ndiye aliyenifundisha kompyuta, na yeye ndiye aliyeniingiza Mamlaka. Shangazi alimhesabu kama mdogo wake wa tumbo moja, naye alimwita dada.

Hata alipohamia Kilele, mtaa wa juu wanakoishi wakubwa, Ijumaa alikuwa anashuka kuja kula kwetu. Ijumaa moja nikamweleza wazo langu pale pale mkekani.

"Dokta," nikamwambia, "hiki kikaguzi kinacholetwa kazi yake ni kutafuta hitilafu. Tukikipa programu isiyo na ila, kikanyamaza, tutajuaje kama kimeona ni nzima au kimelala? Tukipe mbili. Moja nzima, na moja niliyoiharibu mwenyewe mahali ninapopajua. Kikinyamaza kwa nzima na kikalalamika kwa mbovu, basi ni kikaguzi kweli."

"Yaani anayejidai fundi wa kuonja, unampa na mchuzi usio na chumvi," akasema Shangazi.

"Hivyo hivyo, Shangazi."

Mbelwa alilamba vidole, akafikiri. "Kuingiza hitilafu kwenye jengo la serikali," akasema taratibu. "Hilo linataka kibali."

"Anayetoa ni nani?"

"Hakuna. Hakijawahi kuombwa." Akacheka lile cheko lake la tumboni. "Wewe fanya, mdogo wangu. Kibali ni mimi. Mtu akikuuliza mwambie Mbelwa anajua. Mimi nipo."

Shangazi akamwongezea samaki wa nazi. "Mbelwa, mtoto niliye naye ni huyu tu. Usije ukamwacha peke yake huko kwenu kwa wakubwa."

"Dada Siwema," akasema, mkono kifuani, macho yamelegea kwa nazi, "mimi nipo."

Alilisema vizuri mno neno hilo. Mimi nilikwenda kulala nikijiona nina ukuta nyuma yangu.

*

Programu tuliyoichagua kwa jaribio ilikuwa Mfumo wa Taifa wa Zamu za Maji. Ulikuwa umekamilika, unasubiri kuzinduliwa, na ili zulia lisitandikwe mara mbili ikaamuliwa kwamba siku moja ifanye yote: kikaguzi kithibitishwe, na mfumo uzinduliwe. Kazi ya mfumo ni nyepesi. Una orodha ya mitaa yote ya mji kwa alfabeti, kuanzia Bondeni mpaka Zongwe, na unaifungulia maji mmoja baada ya mwingine. Nikatengeneza nakala ya pili, nikabadilisha alama moja tu kwenye mstari wa kumi na tisa, hesabu ikawa inaishia kabla ya mtaa wa mwisho. Yeyote aliyewahi kuandika programu ameshaipata hitilafu hiyo, mara nyingi bila kukusudia.

Kikao cha maandalizi kilikuwa kirefu. Afisa Usalama ndiye aliyeanza.

"Hiyo hitilafu ina ukubwa gani?"

"Alama moja, mkuu."

"Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Inakaa kwenye kompyuta yake."

"Itaingia kwa lango gani, na nani ataisindikiza?"

"Lango kubwa. Nitaisindikiza mwenyewe."

Akaridhika, lakini akaagiza siku hiyo ipekuliwe kama wageni wengine. Afisa Itifaki, Bi. Tausi, mama mmoja mwenye kipaji cha ajabu cha kupanga viti, alikuwa na wasiwasi wake. "Na itakaa wapi? Mimi siwezi kuiweka hitilafu safu moja na Mheshimiwa. Watu watasema nini?"

Tukakubaliana kompyuta yenye programu nzima iwe kulia kwa meza kuu, na yenye mbovu iwe kushoto. Juu ya ile mbovu ningebandika karatasi ya herufi kubwa: YA MAJARIBIO, ISITUMIKE. Dokta Mbelwa alikuwapo kikaoni mwanzo mpaka mwisho, na kila nilipomtazama alitikisa kichwa kukubali. Bahati mbaya, desturi ya Mamlaka ni kuandika vinywaji vilivyotolewa kikaoni tu. Maneno huachwa, kwa heshima ya walioyasema.

*

Siku ikafika. Asubuhi Bi. Tausi alipita kukagua, akaiona karatasi yangu, akasema itaharibu picha, akaibandua na kuweka shada la maua. Yalikuwa maua mazuri, siwezi kusema uongo. Zongwe nzima ililetwa kushangilia, kwa sababu wenzetu wa Kilele hawana desturi ya kushangilia, desturi yao ni kushangiliwa. Shangazi Siwema alivaa khanga mpya, akakaa juani, mlangoni mwa ukumbi, na mashoga zake.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Teknolojia, Mapokezi na Furaha ya Umma. Nikaomba soketi. Muziki ukakatwa, watu wakaguna, nikapewa.

Nikakielekeza kikaguzi kwenye kompyuta ya kulia, ile nzima. Kikasoma, kikamaliza, hakikusema kitu. Moyo wangu ukatulia, maana kikaguzi kizuri kikikuta hakuna ila hunyamaza.

"Mbona imenuna?" akauliza Mheshimiwa.

"Imeona hakuna tatizo, Mheshimiwa."

"Sasa ndiyo isinisalimie?"

Nikahamia kushoto. Kikasoma kidogo tu, mara skrini ikawaka maandishi mekundu: Mstari wa kumi na tisa. Hesabu inaishia kabla ya mtaa wa mwisho. Zongwe haitapata maji. Rekebisha kabla ya kutumia. Nilitaka kuruka! Kimenyamaza panapostahili, kimesema panapostahili. Katika historia yote ya Mamlaka hiyo ndiyo zana ya kwanza iliyowahi kupimwa kweli, na imefaulu.

Lakini Mheshimiwa hakuwa anatazama maneno. Alikuwa anatazama rangi. Nyekundu ni rangi ya Chama. Akasimama, nasi sote tukasimama. Akamwita mshereheshaji amsomee, kwa kuwa miwani ya wakubwa hubebwa na mtu mwingine na mtu huyo alikuwa ameshakwenda kwenye pilau. Mshereheshaji wetu ana adabu sana. Neno lisilopendeza hawezi kulitamka mbele ya mgeni rasmi, analiruka. Akasoma kwa sauti yake ya redio:

"Hesabu... mtaa... Zongwe... maji!"

Loo! Zongwe wakalipuka. Vigelegele, vifijo, watu wakapiga viti. Shangazi alirusha mtandio wake juu. Mtaa wetu haukuwahi kutajwa kwenye sherehe ya serikali tangu nchi iwe nchi, na leo umetajwa, tena pamoja na maji.

"Ndugu wananchi!" akaanza Mheshimiwa. "Mmejionea wenyewe. Hii ya kulia tumeitandikia zulia, tumeipa soketi, tumeikatia muziki, na bado imekaa kimya. Mimi najua, na ninyi mnajua, ni watu wa namna gani katika nchi hii wanaokaa kimya wenzao wakishangilia. Lakini hii ya kushoto! Haikusubiri kubembelezwa. Imesema, imesema kwa kirefu, na imesema kwa rangi yetu! Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mtaalamu wa watu. Na nawaambia hii ndiyo inayofanya kazi. Inafanya kazi?"

"Inafanyaaa!"

"Mkasi!"

Utepe ulikuwa umefungwa kwenye kompyuta ya kulia. Bi. Tausi aliuhamishia kushoto kabla mkasi haujafika, na alifanya hivyo bila kupoteza tabasamu. Mimi nikainuka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ndipo mkono uliponivuta shati kwa nyuma nikarudi kitini puu.

"Kaa," Dokta Mbelwa akanong'ona.

"Dokta, anazindua ile mbovu!"

"Si naona? Mgeni rasmi hasahihishwi mbele za watu. Nitamweleza kwenye chakula, kwa faragha."

"Kweli?"

"Hemedi, leo huniamini? Mimi nipo."

Nikakaa. Utepe ukakatwa. Wakati wa chakula nilimwona kwa macho yangu mawili akimwinamia Mheshimiwa sikioni, akanong'ona kirefu, Mheshimiwa akacheka na kumpiga-piga begani. Nikashusha pumzi. Nikala pilau yangu kwa amani, nikaomba na nyongeza.

*

Kesho yake mfumo ukaanza kazi. Maji yakaenda Bondeni, yakaenda mitaa yote ya katikati. Kilele yalifurika mpaka wakaosha barabara. Zongwe, mabomba yakakohoa vumbi, yakanyamaza.

Mwanzoni hakuna aliyelalamika. "Si tumetajwa?" watu wakaambiana. "Yako njiani." Wengine walikinga ndoo chini ya bomba wakakaa wakiliangalia, wamevaa nadhifu.

Uani kwetu nguo zikaanza kurundikana. Sare za shule, kanzu za Ijumaa, mashuka, na shela la bibi harusi mmoja ambaye ndoa yake ilikuwa imekaribia. Dobi asiye na maji ana nini? Ana mikono tu. Shangazi akajitwika ndoo, akawa anashuka machimboni, bonde lile walikochimba kokoto zamani, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Akafulia hayo. Shela likatoka na madoa ya kahawia mgongoni. Bibi harusi alilia, mama yake akatukana, na Shangazi, ambaye tangu namfahamu hajawahi kurudisha nguo chafu, aliingia ndani akafunga mlango.

Alipotoka akaniuliza, "Hemedi, si wewe uliyekuwa unachezea ile kompyuta? Haitengenezeki?"

"Inatengenezeka, Shangazi. Ni alama moja. Kidole kimoja, basi."

"Basi kipeleke hicho kidole."

Nikaenda kwa Dokta Mbelwa ofisini. Alinipokea amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwetu.

"Haiwezekani," akasema. "Kilichokatiwa utepe hakiguswi. Sheria ya Heshima ya Utepe, unaijua."

"Si ulimweleza Mheshimiwa kwamba ni mbovu?"

Akatazama dirishani, kwenye mikaratusi. "Hebu tufikiri kisomi. Mheshimiwa hawezi kuzindua hitilafu. Hii ameizindua. Kwa hiyo si hitilafu."

"Na kikaguzi je? Kila asubuhi kinasema Zongwe haitapata maji!"

"Nasi tunakiheshimu sana," akasema.

Hapo hakusema uongo. Kikaguzi kilikuwa kimeshapewa cheti cha daraja la kwanza, kwa ufasaha. Kila asubuhi maandishi mekundu yalipowaka, wafanyakazi wote wa Mamlaka walisimama, wengine mkono kifuani, mpaka yazimike. Kisha waliketi wakafungua magazeti.

"Dokta, Shangazi anafulia maji ya machimboni."

"Mpe salamu zangu nyingi. Mwambie avute subira." Akanifungulia mlango. "Mimi nipo."

Ijumaa hiyo hakuja kula. Shangazi alimfunikia sahani yake mpaka samaki akaharibika.

*

Hatimaye Zongwe wakachoka kukinga. Wakaandamana mpaka mjini wakipiga ndoo tupu kwa miiko, kelele zikafika Kilele wakati wa usingizi wa mchana. Serikali yetu ni sikivu, hasa mchana. Ikaunda Tume.

Tume ilifanya kazi kwa uadilifu mkubwa. Kabla ya chai iliamua kwamba hitilafu haipo. Baada ya chai iliamua kwamba aliyeiingiza ni mimi.

"Unakubali kwamba uliingiza hitilafu katika jengo la serikali?" akauliza Mwenyekiti.

"Nakubali. Kwa ajili ya jaribio, na Mkurugenzi alijua."

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali ni yeye. Alisema mwenyewe, kwetu, mkekani."

"Akifanya nini mkekani?"

"Akila samaki, mzee."

Watu wakacheka. Dokta Mbelwa akaitwa. Alikuja na suti ya kijivu, akaapa, akatazama ukuta ulio juu ya kichwa changu.

"Huyu kijana namfahamu kwa sura," akasema. "Ni mtumishi wa ngazi ya chini. Kuhusu hitilafu, Tume imeshasema haipo. Na kama ingekuwapo nisingeiruhusu. Siku anayoisema, mimi sikuwapo."

Kwa sura! Mtu tuliyelala naye chumba kimoja, tuliyegombania naye ukoko wa wali! Kikao kile chote alikuwa anatikisa kichwa, sherehe ile alinishika shati, na sasa hayupo popote. Nawaambieni, kifungo sikukiogopa, aibu sikuiona. Ila neno lile lilinichoma, nikataka kumwita kwa jina lake la utotoni mbele ya watu wote ili ageuke anitazame. Sikuthubutu. Nikageuka mimi kumtazama Shangazi kule nyuma. Alikuwa amekaza macho kwenye kola ya Mbelwa. Baadaye aliniambia ilikuwa imefuliwa vibaya.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema kabla hawajaamua. Sikuwa na la kujitetea, lakini nilikuwa na la Zongwe, nililokuwa nimeliwaza njia nzima.

"Mzee," nikasema, "mfumo hauguswi, sawa. Lakini orodha ya mitaa haikukatiwa utepe. Ongezeni jina la mtaa mmoja baada ya Zongwe, mtaa wa karatasini, usio na watu. Mfumo utauruka huo badala ya Zongwe. Maji yatafika, na utepe wa Mheshimiwa utabaki salama."

Tume ikatazamana. Kisha Dokta Mbelwa akakohoa, akasema anashukuru kuona hata watumishi wa chini wanaelewa wazo alilokuwa amekuja nalo. Mpaka wakati wa chakula lilikuwa limeshaitwa Mpango wa Mbelwa, na wa kwanza kulipigia makofi alikuwa Bi. Tausi.

Mtaa mpya wakauita Zuhura, na kiwanja chake kikawa lile jangwa la kokoto nyuma ya machimbo. Ikabaki shida ndogo. Kwa sheria zetu, mtaa usio na wakazi ni ulaghai, na serikali yetu hailaghai. Lazima wapatikane watu wa kukaa.

"Kuna mwenye pendekezo?" akauliza Mwenyekiti.

Dokta Mbelwa akanyoosha mkono. Mungu anisamehe, hata hapo nilidhani labda atanitetea.

"Aliyeiingiza hitilafu ndiye akaishi nayo," akasema. "Na kwa kuwa wakazi huhesabiwa kwa kaya, aende na kaya yake."

Kaya yangu ni Shangazi Siwema. Katika ukumbi ule hakuna aliyelijua hilo zaidi ya Mbelwa.

*

Zongwe wana maji sasa. Siku yalipofika walicheza mpaka barabarani. Majirani wetu wa zamani walikuja Zuhura kutuona, kila mtu na ndoo yake ya maji masafi kichwani, wakatukumbatia, wakalia. Kisha wakaja wachache. Kisha ikasemwa kwamba afisa mmoja anaandika majina ya wanaokuja, basi tena. Siwalaumu. Uongo huo, nawalaumu sana.

Mimi nashuka machimboni na kupanda, nashuka na kupanda, ndiyo maana magoti yamekuwa haya. Shangazi anafua kidogo kidogo, nguo zetu tu, kwa mkono mzito. Nasikia kikaguzi kinaendelea na kazi yake kila asubuhi: Zuhura haitapata maji. Rekebisha kabla ya kutumia. Nao wanasimama. Nikiwaza kwamba mimi ndiye niliyethibitisha kwamba kinasema kweli, nashindwa kujua nicheke au nifanye nini.

Juzi tulipata mgeni. Kila mtaa kisheria lazima uwe na bomba, kwa hiyo bomba likaletwa na kusimikwa kwenye kokoto, na Naibu Waziri akaja kulizindua. Naibu Waziri siku hizi ni Dokta Mbelwa. Bi. Tausi alitangulia na utepe, akatupanga wakazi wote wa Zuhura katika safu mbili za viti, Shangazi safu ya mbele na mimi ya nyuma. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Dokta alihutubia mpaka sauti ikaanza kukwaruza, akasema hakuna mtaa utakaoachwa nyuma katika nchi hii, akalitaja jina la nchi, tukasimama, magoti yangu yakalia ka! Utepe ukakatwa, bomba likafunguliwa, likapuliza vumbi kidogo juu ya viatu vyake, na waliokuja naye wakapiga makofi.

Gari la vinywaji lilikuwa limekwama mchangani huko nyuma. Wakubwa wakaanza kutafuta vivuli, na kivuli kilichopo Zuhura ni kibaraza chetu. Shangazi alikuwa amesharudi kukaa kwenye kigoda chake, beseni kavu mbele yake. Dokta Mbelwa akaja polepole, akipangusa uso kwa leso, kola imelowa jasho. Akatazama huku na huku kuona nani anasikia, akainama, na ile sauti ya zamani, ile ya mkekani, ikamrudia.

"Dada Siwema," akasema, "hebu nisaidie maji ya kunywa."

Shangazi akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. Akamsogezea mkeka.

"Karibu ukae, Mbelwa," akamwambia. "Mimi nipo. Maji ndiyo hayapo."